Tunduma, Usangu au Iringa mjini: uende wapi kutafiti wageni na wenyeji?

"Mjomba, shikamoo. Msimamizi ameipitisha mada, kimebaki eneo tu."

Mpwa wangu huyo yuko mwaka wa tatu, anasoma sosholojia, na mada yake ni mahusiano ya wahamiaji na wenyeji katika Nyanda za Juu Kusini. Nikamwitikia marahaba, nikampa hongera, nikamuuliza eneo analionaje. Kumbe alishalichagua zamani: Tunduma. Kwa nini Tunduma?

"Si ndiko mpakani, mjomba?"

Jibu hilo nalijua. Nimezunguka na watafiti kwa miaka, kazi yangu ikiwa kutafsiri, kusaka wahojiwa na kupatana bei na bodaboda, na wengi wao walianzia hapo hapo: umesema wahamiaji, basi ni mpakani. Wachache walitoka na kazi nzuri. Waliobaki walirudi chuoni na hesabu ya pasipoti. Nikakaa nikamwandikia ulinganisho wa sehemu tatu ninazozijua kwa miguu, na kwa kuwa si yeye peke yake anayehangaika na uamuzi huu, nauweka hapa.

Kwanza, kuna mambo mawili yatakayokukuta popote utakapokwenda. Sensa zetu hazijauliza kabila tangu ile ya 1967. Hakuna jedwali la serikali litakalokuonyesha Wasukuma wa Mbarali ni wangapi au Wakinga wa Tunduma ni wangapi, na mtu akikutajia asilimia, ujue kaitoa kichwani mwake. Utaanza na daftari la kaya la mtendaji, halafu kila mhojiwa akupeleke kwa mwenzake.

La pili ni lile jibu la "hapa hatuna ubaguzi, sisi sote ni Watanzania". Utalipata kabla hujamaliza swali. Wala si uongo, watu wamelelewa nalo, lakini ukiliandika kama matokeo umeshindwa kazi. Mimi huwashauri wanafunzi waache kuuliza kuhusu ubaguzi, waulize mambo matatu: mnakopeshana? mnaoana? mnazikana wapi? Hayo yana tarehe, yana majina ya vijiji, yana kiasi cha fedha, na mtu hawezi kuyajibu kwa kaulimbiu. Nitayatumia hapa chini kuzilinganisha sehemu hizi.

Tunduma

Wanyamwanga wapo pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Zambia. Mstari wenyewe Wajerumani na Waingereza walipatana wao kwa wao mwaka 1890, hakuna Mnyamwanga aliyeulizwa, na hadi leo mtu wa Tunduma ana shangazi yake Nakonde, mji wa upande wa Zambia, anakwenda msibani asubuhi, jioni amerudi. Kwa karatasi shangazi huyo ni raia wa kigeni. Lakini anayeonekana mgeni mtaani ni Mkinga wa Makete aliyefungua duka la jumla, Mchaga wa vipuri, Mnyakyusa mwenye nyumba ya kulala wageni. Wote hao ni Watanzania wenye kitambulisho mfukoni.

Siku moja nilikuwa nimesimama kwa mama mmoja anayeuza dagaa kwa mafungu, nikisubiri mtafiti wangu amalize kuhoji duka la jirani. Akaja mteja kutoka ng'ambo, wakasalimiana "muli shani", mama akapokea kwacha, akazikunja, akarudisha chenji kwa shilingi bila kugusa kikokotoo. Mteja alipoondoka, mama akanigeukia: "Na wewe baba, mgeni wa wapi?" Nikasema Mbeya. Akatikisa kichwa kama vile nimesema Mwanza. Mbeya ni kama kilomita 100 tu kutoka hapo. Yule Mzambia hakuulizwa ni wa wapi.

Dakika hiyo moja ina tasnifu nzima ndani yake, na mwanafunzi anayehesabu pasipoti hataiona. Swali linaloifaa Tunduma ni hili: uraia unaanza kuwa na maana saa ngapi? Kwa muuza dagaa hauna maana hadi afisa atokee. Kwa dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni una maana kila dakika, ingawa tangu 2019 kuna kituo cha pamoja cha forodha ambacho nchi zote mbili zinakitumia.

Kukopeshana kupo sana na kunafanyika kwa simu, wengi wana laini mbili, ya huku na ya kule. Kuoana ng'ambo na huku ni jambo la kila siku. Kwenye kuzikana ndipo mgeni hujulikana: wafanyabiashara waliotoka mbali wakifiwa hukodi gari, maiti ikasafirishwa Makete, Moshi, Rungwe. Mtu ameishi miaka 20, amejenga ghorofa, lakini kaburi lake halipo mjini hapo.

Ugumu wake? Mji una haraka. Sensa ya 2012 ilikuta watu wasiofika laki moja, ile ya 2022 ikakuta zaidi ya laki mbili, na karibu kila mmoja yuko kazini. Mahojiano ya dakika 40 sahau. Utahoji mtu akiwa anapima sukari. Tena wakikuona na karatasi wanadhani umetoka kwenye kodi au uhamiaji, na hapo kila duka linakuwa la "mwenye duka hayupo".

Tena kuna jambo sitanii nalo. Njia hii ya kusini hupitishwa vijana wa Ethiopia wanaosafirishwa kwa siri, na Juni 2012 zaidi ya 40 kati yao walikutwa wamekufa kwa kukosa hewa ndani ya lori mkoani Dodoma. Kila mwaka hupatikana mwanafunzi anayetaka kuwahoji watu hao au wanaowapitisha, maana inasisimua. Usifanye hivyo kwenye utafiti wa shahada ya kwanza. Huna cha kumlinda nacho mhojiwa wako, na daftari lako likishikwa linakuwa ushahidi dhidi yake.

Usangu

Hapa nitakaa kidogo, maana napapenda, na maana ndipo watu wanapapita kwenye basi la Dar bila kushuka.

Usangu ni bonde la wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya. Nchi hii ni ya Wasangu, waliokuwa na utemi wa akina Merere tangu kabla ya Wajerumani. Juu yao waliongezeka watu wa kila namna. Rujewa kuna Wabaluchi, ambao asili yao ni pwani ya Makrani huko Baluchistani. Walikuja enzi za mkoloni, nao ni kati ya watu wa mwanzo kulima mpunga wa kumwagilia kwenye bonde hili. Wachina walijenga shamba kubwa la mpunga la Mbarali miaka ya 1970. Wanyakyusa, Wabena, Wakinga na Wahehe walishuka kutoka milimani kukodi majaruba. Kutoka kaskazini wakaja wafugaji, Wamang'ati, Wamasai, na zaidi ya wote Wasukuma na makundi yao ya ng'ombe. Ukiwa sokoni Ubaruku siku ya mavuno unaweza kusikia lugha tano kabla hujanunua nyanya.

Karibu wote hao ni raia. Hakuna pasipoti ya kuhesabu. Na bado mstari kati ya mwenyeji na mgeni Usangu ni mzito kuliko wa Tunduma, kwa sababu hapa unagusa ardhi na maji. Mzee mmoja wa Kisukuma aliniambia aliingia na ng'ombe "mwaka wa vita ya Kagera". Wanawe wote wamezaliwa bondeni, mmoja ameoa Msangu. "Lakini nikinyoosha mkono mkutano wa kijiji," akasema, "mwenyekiti anasema, haya, tumsikilize mgeni wetu." Alisema huku akicheka. Mkewe hakucheka.

Mwanasosholojia Robert Park wa Chicago aliandika miaka ya 1920 kwamba makundi yakikutana hupita hatua nne: yanakutana, yanashindana, yanazoeana, mwisho yanamezana yakawa kitu kimoja. Wahadhiri wetu wanaipenda nadharia hiyo na utaikuta kwenye mtihani. Ipeleke Usangu uone inavyokwama. Wabaluchi wamezoeana na wenyeji kwa vizazi, wanaongea Kiswahili cha Rujewa kuliko mimi, na bado ni Wabaluchi. Wasukuma waliokwisha kuzoeana walirudishwa kwenye ushindani, na aliyewarudisha hakuwa jirani. Ilikuwa operesheni ya serikali ya 2006 na 2007 ya kuondoa mifugo bondeni ili mto Ruaha Mkuu, uliokuwa ukikauka kila kiangazi tangu miaka ya 1990, upate maji. Familia nyingi zilisukumwa hadi Lindi na kwingineko. Mwaka 2008 ramani ya Hifadhi ya Ruaha ikapanuliwa kuingia Usangu, na mgogoro wa vijiji vilivyojikuta ndani ya mipaka hiyo ukaendelea miaka na miaka. Kwa hiyo hatua za Park huko Usangu zinaweza kwenda mbele na kurudi nyuma, na mwenye kuzisukuma mara nyingi ni sera. Hiyo ni hoja ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu kuisimamia bila aibu.

Sasa nenda kwenye mfereji. Mwanasaikolojia Gordon Allport mwaka 1954 alisema kukutana peke yake hakuondoi chuki. Lazima watu wawe na hadhi sawa, lengo moja, washirikiane, na wenye mamlaka waunge mkono. Zamu ya maji ya mfereji ina karibu yote hayo. Niliwahi kukaa kwenye ukingo saa kumi alfajiri na wanaume wanne wa makabila manne, kila mmoja na jembe begani, wakimngoja mtu wa zamu afungue lango. Aliyechelewa alikuwa Msangu, mwenyeji kabisa. Walimpiga faini kama wangempiga mgeni, debe la mpunga, na hakuna aliyetaja kabila. Wiki hiyo hiyo, ng'ombe walipoingia jaruba la mtu kijiji cha pili, neno la kwanza lililotoka lilikuwa "Wasukuma hawa", kabla hata ya kujulikana ng'ombe ni wa nani. Watu walikuwa wale wale, umbali wa kilomita mbili.

Mkopo Usangu ni maksai: Msukuma anakulimia sasa, unamlipa kwa magunia ukivuna. Ndoa zipo, ila uliza mahari ilitolewa kwa ng'ombe au kwa fedha, na nani alilalamika. Na kuzikana ni kinyume cha Tunduma. Wafugaji wengi niliowajua huzika hapo hapo kwenye mji wao. Kaburi linakuwa hati. Mtu anakuonyesha, "baba yangu yule pale," na wewe unaelewa anazungumza kuhusu eka ngapi.

Nilivurunda huko mara moja, nikusimulie usirudie. Dodoso la mtafiti niliyekuwa naye lilianza na mali ya kaya, na mstari wa kwanza ulikuwa idadi ya ng'ombe. Nikauliza kama lilivyoandikwa. Mzee akanyamaza, akainuka, akaingia ndani, hakutoka tena. Jioni kitongoji kizima kilijua tumekuja kuhesabu mifugo, na baada ya ile operesheni, anayehesabu mifugo ni mtu wa kuhamisha. Tulipoteza siku sita. Anza na mvua, anza na watoto wako wapi, anza na lolote. Ng'ombe waache wajitaje wenyewe.

Nenda Juni hadi Agosti. Mvua zimekwisha, barabara za ndani zinapitika, mpunga umevunwa, na watu wana nafasi ya kukaa kivulini. Ukienda Februari utawahoji wenye matope hadi magotini, na watakujibu kwa kifupi kama wanavyostahili.

Iringa mjini

Kama swali lako ni la rangi, yaani Mzungu, Mhindi na Mwafrika, acha kuhangaika mpakani. Njoo Iringa.

Watu wanajua ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe, na vita vyake na Wajerumani: Lugalo Agosti 1891, Kalenga 1894, kifo chake Julai 1898, fuvu kurudishwa 1954. Wachache wanajua kwamba wakati wa Vita ya Pili ya Dunia mkoa huu ulipokea wakimbizi Wazungu. Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti, walipitia Uajemi wakaletwa Tanganyika kuanzia 1942. Mbili kati ya kambi zao zilikuwa huku: Ifunda, na Kidugala upande wa Njombe. Makaburi yao yapo hadi leo. Fikiria mwenyeji wa Ifunda wa wakati ule, aliyezoea kuwa Mzungu ni bwana shamba au bwana shauri, anamwona Mzungu asiye na kitu. Hilo ni swali la utafiti ambalo sijaona mwanafunzi wetu akilishika, na wazee walioona kwa macho yao wamebaki wa kuhesabu.

Kisha kuna majengo. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kimekaa mahali palipojengwa kuwa shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, miaka michache tu kabla ya Uhuru, wakati shule, hospitali na hata kura ziligawanywa kwa rangi. Uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Leo mwanafunzi wa Kihehe, wa Kihaya, wa Kimakonde anasoma hapo nadharia za ubaguzi bila kujua kuta zinazomzunguka zilijengewa nani. Anzia hapo tu, una utangulizi wa sura ya kwanza.

Wagiriki walilima tumbaku kuzunguka mji huu. Wahindi, Waismailia wakiwa wengi, walishika biashara ya mtaa wa katikati. Halafu ikaja sheria ya 1971 ya kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na ingawa haikutaja rangi ya mtu, kila mtu alijua majengo hayo mengi yalikuwa ya nani. Wengi waliondoka nchini. Waliobaki wanakujibu kwa adabu, wanakupa kiti, wanaagiza soda, na hawakuambii kitu. Usiwalaumu. Wameulizwa "ninyi wa wapi?" tangu kwa babu zao. Bunge letu lilibishana Oktoba 1961 kama uraia uwe wa Waafrika peke yao, Nyerere akakataa kata kata, lakini dukani swali halijafa. Nimemsikia mteja akimwambia mwenye duka aliyezaliwa hospitali ya mkoa, "mkirudi kwenu mtatuachia hili duka?" Mwenye duka akapima misumari, akafunga kwenye gazeti, akampa.

Mkopo upo, umeandikwa kwenye daftari la duka, na madaftari ya zamani ni dhahabu ukikubaliwa kuyaona. Ndoa za rangi tofauti ni chache na zinasemwa kwa sauti ya chini. Makaburi yamegawanyika, kila watu na kwao.

Faida za Iringa ni utulivu, nyumba za kulala za bei ya wanafunzi, makumbusho ya Boma, na wazee wanaopenda kusimulia. Hasara ni kwamba unaweza kujikuta unaandika historia badala ya sosholojia. Mafaili ya mkoloni yako Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, kwa hiyo weka nauli. Na beba sweta. Julai ya Iringa haina mzaha.

Kuna utani pia, na hapa wasioujua huumia. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, leo ni watani. Ukisikia Mngoni anamwambia Mhehe maneno ambayo kwingine yangeleta mapanga, usiandike "uhasama wa kikabila". Subiri uone nani anamchangia nani msiba.

Nilichomwambia

Mashamba ya chai ya Mufindi na machimbo ya Chunya nimeyaacha makusudi. Ni pazuri kwa uhamiaji wa kazi, lakini kuingia kwenye shamba kunahitaji ruhusa ya mwajiri, na ruhusa hiyo inaweza kuchukua muda kuliko utafiti wenyewe.

Kama una wiki tatu na fedha kidogo, Tunduma, lakini shika kundi moja tu, mathalani akina mama wanaouza pande zote mbili, na usigeuke kushoto wala kulia. Kama unapenda kusoma mafaili na una subira ya kurudi kwenye nyumba moja mara tano, Iringa. Kama una miezi miwili, miguu mizuri, na uko tayari kunyamaza zaidi ya kuuliza, Usangu. Mimi ningekwenda Usangu. Nakiri napendelea.

Kote huko, barua ya chuo inaanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, halmashauri, kata, kijiji. Toa nakala kumi. Tunduma kumbuka ni Mkoa wa Songwe tangu 2016. Nimeona mwanafunzi akigonga mlango wa mkoa Mbeya siku mbili kwa kutojua hilo. Na hata ukiwa na muhuri wa mkoa, bila mwenyekiti wa kitongoji kukutembeza siku ya kwanza, wewe ni mpita njia.

Jana amenijibu. Hakusema amechagua nini. Ameuliza Ubaruku kuna mtandao, na kama yule mzee wa mwaka wa Kagera bado yupo. Nimemwambia mtandao upo. Mzee nitampigia mwanawe leo jioni, nijue.